Gauni la ubatizo la kroshia: uzi wa vitambaa, namba 1, dabo niti au uzi wa sweta?

Mezani kwangu kuna magauni mawili ya mtoto wa miezi 6. Yote meupe, yote yametoka kwenye mchoro mmoja: kifua kilichobana, sketi ya makombe inayozidi kufunguka kwenda chini, na ukingo wa vinundu vidogo. Nimeyaweka kwenye mzani wa jikoni. La kwanza lina gramu 140, la pili 210. Ukilishika la kwanza mabegani, sketi inaanguka na kutulia. La pili linasimama wima kama kengele, hata halina mtoto ndani.

La kwanza linashuka na basi la asubuhi kwenda Tanga mjini. La pili linabaki hukuhuku Lushoto, kwa mtoto atakayebatizwa Julai, mwezi ambao hapa kwetu hata watu wazima huenda ibadani na makoti. Ni mkoa mmoja na mfumaji mmoja. Nilichobadilisha ni unene wa uzi, na sikuubadilisha kwa kupenda. Nilifundishwa na aibu.

Miaka kadhaa nyuma nilimfumia mtoto wa kaka yangu, wao wanakaa Tanga. Nikachukua akriliki nene, uzi ule wa kiwandani unaofanana na sufu, ileile ninayofumia sweta za watu wa huku, kwa sababu ilikuwa ndani na ilikuwa nyeupe safi. Gauni likatoka zuri mno. Siku ya siku, kabla mchungaji hajafika kwenye kuita majina, mtoto alikuwa amelowa jasho mgongo mzima na shingo imejaa vipele. Wifi yangu akanisogelea, akaninong'oneza, "Wifi, gauni zuri, Mungu akubariki, lakini mtoto ameiva." Tukamvua palepale kwenye benchi. Akabatizwa na fulana.

Tangu hapo mtu akiniuliza "Nifume mchoro gani?" namuuliza kwanza mtoto anakaa wapi.

Majina kwanza, maana dukani tunachanganyana

Madonge mengi ya kutoka nje yana alama ndogo ya donge la uzi yenye namba ndani, kuanzia 0 hadi 7. Ni kipimo cha unene kilichowekwa na Baraza la Nyuzi la Marekani, na sasa kinatumika na viwanda vingi. Namba ikipanda, uzi unanenepa. Kwa gauni la mtoto tunazungumzia namba 1 hadi 4, basi. Donge la namba 1 Waingereza huliita fo plai, na namba 3 ndiyo dabo niti. Hiyo "plai" zamani ilikuwa hesabu ya nyuzi zilizosokotwa pamoja. Siku hizi ni jina tu la unene, kwa hiyo usihangaike kufumua ncha na kuhesabu.

Uzi wa vitambaa, ule wa pamba uliosokotwa kwa nguvu ambao mama zetu walifumia vitambaa vya makochi na vya kufunikia redio, una namba zake nyingine kabisa, nazo zinakwenda kinyume. Namba 10 ni mnene kuliko 20, na 20 ni mnene kuliko 40. Sindano zake ndogo za chuma nazo, zile zenye namba za Kimarekani, namba ikiwa kubwa sindano ni nyembamba. Nimeona watu wakirudi dukani mara tatu kwa sababu hiyo. Soma milimita zilizochorwa kwenye shina la sindano, namba zingine ziache.

Hapa chini ni vipimo vya mkono wangu kwa gauni la miezi 6. Kifua cha mtoto wa umri huo huchukuliwa kuwa sentimita 43, nami naongeza 5 za kupumulia, jumla 48. "Dabo" ninayosema ni mshono, si uzi wa dabo niti; ni ule wa Kimarekani, ambao unazungusha uzi mara moja kwenye sindano kabla ya kuiingiza. Wewe ukibana au ukilegeza kuliko mimi, hesabu zako zitasogea.

| | Uzi wa vitambaa namba 10 | Namba 1 (fo plai) | Namba 3 (dabo niti) | Namba 4 (uzi wa sweta) |
|---|---|---|---|---|
| Sindano | mm 1.5–1.75 | mm 2.5–3.5 | mm 4–4.5 | mm 5–5.5 |
| Dabo ndani ya sm 10 | 36 | 23 | 17 | 13 au 14 |
| Mishono ya kifua | 172 hivi | 110 | 82 | 65 |
| Mita kwa gramu 50 | 250–280 | 160–200 | 110–145 | 80–105 |
| Muda wangu, jioni tu | miezi miwili | wiki tatu | siku kumi | siku tano |

Uzi wa vitambaa au namba 1?

Hapa ndipo penye ushindani wa kweli kwa gauni la ubatizo, hasa kama familia inataka gauni litakalorithiwa.

Uzi wa vitambaa ndio wa asili. Michoro mingi ya magauni haya ina mizizi Ulaya ya karne ya 19. Ireland, kwa mfano, baada ya njaa kuu ya viazi iliyoanza 1845, wanawake wengi waliendesha nyumba zao kwa kufuma lesi ya kroshia kwa uzi mwembamba mno, na masista wa konventi walikuwa miongoni mwa walioieneza kazi hiyo. Kwetu ilikuja kwa njia zinazofanana: shule za misheni, kisha vipindi vya sayansi kimu. Mama yangu mpaka leo anahesabu mishono akitamka namba kwa Kiingereza, wakati Kiingereza kingine chote kimeshamtoka.

Uzuri wa uzi huu ni kwamba kila mshono unaonekana. Ukifuma nakshi ya nanasi kwenye sketi, nanasi linasomeka, na upepeo vilevile. Haufanyi manyoya, haulegei, na pamba iliyong'arishwa kwa kostiki soda inabaki na mng'ao wake baada ya kufuliwa mara nyingi. Gauni la aina hiyo ukilifunga kwenye kitambaa cha pamba (usiliweke kwenye mfuko wa plastiki, wala usilitie wanga kabla ya kulihifadhi, litapiga manjano), mtoto wa kwanza atalivaa, na wa mwisho atalivaa.

Ubaya wake ni mkubwa pia, na wauzaji wa michoro hawausemi. Kwanza, ni mgumu mwilini. Uzi uliosokotwa kwa nguvu unakwaruza ngozi changa, na shingo ya mtoto wa miezi miwili haina subira. Magauni ya zamani yalivaliwa juu ya gauni la ndani la kitambaa laini, kwa hiyo nawe ukichagua uzi huu panga kabisa kushona gauni la ndani. Pili, hauvutiki. Kichwa cha mtoto ni kikubwa kuliko shingo yake, na tundu la shingo la uzi wa vitambaa haliongezeki hata nusu sentimita. Lazima uache mpasuko mrefu mgongoni, wenye vifungo. Tatu ni macho yako. Mishono 172 kwa kila mzunguko, taa ya umeme inayokatika, na kosa la mzunguko wa 12 unaloligundua mzunguko wa 30.

Namba 1 ya pamba inakupa karibu asilimia themanini ya sura hiyo kwa theluthi ya muda. Nanasi bado linaonekana, ingawa majani yake yanakuwa mapana kidogo. Kitambaa kinakuwa laini, na mtoto anaweza kukivaa juu ya fulana nyepesi tu. Gauni langu la Tanga limefumwa hivyo, kwa sindano ya 3.25 kifuani na 3.5 kwenye sketi ili matundu yafunguke na upepo upite.

Kama unafuma kwa kuuza, usiguse uzi wa vitambaa mpaka mteja awe ameelewa na amelipa nusu. Nusu nzima. Mtu anaona gauni dogo la kiganja na nusu, anadhani ni kazi ya wikendi.

Namba 1 au dabo niti?

Swali hili ndilo ninaloulizwa zaidi, na jibu langu si lilelile kila siku.

Dabo niti ina mambo matatu yanayoipa wapenzi. Inapatikana: ukienda Kariakoo, au Mtaa wa Biashara Mombasa, au duka lolote la vifaa vya kushonea, hutakosa dabo niti nyeupe, wakati namba 1 ya pamba unaweza kuitafuta siku nzima. Ni ya haraka. Na inasamehe: mkono ukitetemeka, mshono mmoja ukiwa mrefu kuliko mwenzake, uzi mnene unaficha. Kwa mtu anayefuma gauni lake la kwanza, nasema chukua dabo niti na usijione mnyonge.

Lakini iangalie sketi yake. Dabo ya uzi namba 3 ina unene, na makombe ya dabo tano zilizoingia tundu moja yanapandana kama vigae. Ukiweka marinda, yaani mishono mara mbili ya kiuno kama michoro mingi inavyotaka, sketi inakaa nje ya mwili na haishuki. Mtoto akikalishwa, gauni linampanda kidevuni. Njia ya kuponya ni kupunguza marinda: mara moja na nusu inatosha, kisha panda sindano nusu milimita kila baada ya sentimita kumi kwenda chini. Hiyo hila ya kubadilisha sindano badala ya kuongeza mishono nimeipenda sana. Ninaitumia hata kwa namba 1.

Joto nalo. Kitambaa cha dabo niti kina hewa nyingi iliyofungwa ndani, na hewa hiyo ndiyo inayotunza joto. Kwa Lushoto, Njombe, Limuru au Bukavu, ni baraka. Kwa Tanga, Mombasa, Zanzibar au Dar es Salaam ni vipele, labda uifume kwa pamba na kwa mchoro wenye matundu mengi. Hata hivyo pamba ya dabo niti ni nzito, na ikilowa mate na maziwa inazidi kuwa nzito na kuvutika kwenda chini. Nimeshaona gauni lililoongezeka vidole vitatu kati ya ubatizo na chakula cha mchana.

Kuhusu bei, usilinganishe donge kwa donge. Linganisha mita. Gramu 50 za namba 1 zinaweza kukupa mita 180, na gramu 50 za dabo niti ya pamba zikaishia 115. Gawanya bei kwa mita zilizoandikwa kwenye karatasi, ndipo useme kipi ghali. Kwa gauni hili la miezi 6 mimi hutumia mita 470 au 500 za namba 1, na mita 400 na ushee za dabo niti. Mara nyingi tofauti ya fedha ni ndogo kuliko watu wanavyodhani. Kinachouma ni muda.

Na usifanye kosa la mdada mmoja tuliyekuwa tukifuma pamoja. Alipata mchoro wa dabo niti, mishono 82 kifuani, akaufuma kwa namba 1 kwa sababu ndiyo aliyokuwa nayo. Hakupima kipande cha majaribio. Mishono 82 kwa uzi ule ni kama sentimita 36, na gauni la mwaka mmoja likaishia kwa mwanasesere. Fuma kipande cha sentimita 12 kwa 12, kifue, kianike, kisha hesabu mishono ndani ya 10 za katikati. Ni jioni moja tu.

Uzi wa sweta, namba 4

Usifumie gauni la ubatizo. Fumia blanketi la kumfunikia mtoto njiani, kofia ya baridi, au sweta. Kwenye gauni dogo mshono mmoja unakuwa mkubwa mno kwa mwili, kifua kizima kinakuwa mishono 65, na nakshi yoyote inapotea. Yale yaliyonikuta Tanga nimeshayasema.

Pamba, akriliki, sufu

Unene ni nusu ya uamuzi, na nusu nyingine ni uzi umetengenezwa kwa nini. Pwani, pamba bila mjadala. Akriliki haiponzi mfuko, inafulika, inakauka haraka na haiozi, ndiyo maana huku milimani tunaipenda, na baadhi ya tunayoiona sokoni ya viwanda vya Kenya imetoka Eldoret. Ila haipendi moto. Pasi ya mkaa ikiigusa, mishono inalala na kung'aa kama imepakwa mafuta, na hairudi. Nyunyizia maji, nyoosha kwa mkono kwenye taulo, acha ikauke. Sufu halisi ni nzuri kwa baridi, lakini watoto wengine inawawasha, na ikifuliwa kwa maji moto na kusuguliwa inaganda na kusinyaa. Mama aliyejifungua juzi hana muda wa kufua kwa vidole viwili. Mchanganyiko wa pamba na akriliki ni rafiki wa wengi, na ndio niliofumia lile gauni la kengele. Nyuzi zenye manyoya marefu, kama moheri, waachie watu wazima. Manyoya yanaingia mdomoni na puani.

Ukiuziwa donge lisilo na karatasi, chukua kipande cha uzi ukichome juu ya sahani. Pamba inanuka karatasi iliyoungua na kuacha majivu laini. Sufu inanuka nywele. Akriliki inayeyuka na kuacha kishanga kigumu cheusi. Unene wake upime kwa rula: zungushia uzi bila kuuvuta, mizunguko ikilaliana bila kupandana, hesabu ndani ya sentimita 2.5. Ukipata 9 au 10 ni namba 4. Ukipata 11 au 12 uko kwenye dabo niti, na 14 kwenda juu ni namba 1. Mipaka inaingiliana kidogo, kwa hiyo kipande cha majaribio bado kiko palepale.

Nunua madonge yote siku moja, yenye namba moja ya rangi, yaani yaliyotiwa rangi pamoja. Hata nyeupe. Nilipungukiwa donge moja nikarudi baada ya wiki mbili, muuzaji akaniapia kuwa ni uzi uleule. Jua lilipoliwakia lile gauni, sentimita nane za chini zilikuwa za rangi ya maziwa na juu ilikuwa ya theluji.

Kabla hujaanza mchoro wa kutoka mtandaoni

Angalia ni Kiingereza cha nani. Dabo ya Uingereza ndiyo singo ya Marekani, na dabo ya Marekani Waingereza huiita trebo. Singo ina kimo cha karibu nusu ya dabo, kwa hiyo ukisoma vibaya, sketi ya sentimita 30 itaishia 15 na utalaumu uzi bure. Ukiona neno singo popote kwenye mchoro, ni wa Kimarekani, kwa maana Waingereza wa siku hizi hawana mshono wa jina hilo.

Na haya hayahusu unene ila siwezi kuyaacha. Utepe wa shingoni usiwe wa kufunga, weka kifungo mgongoni, kishonwe kwa nguvu. Ukifuma soksi au glovu za kuambatana na gauni, geuza ndani nje na ukate kila ncha inayoning'inia, maana uzi mmoja uliolegea unaweza kujizungusha kwenye kidole cha mtoto na kuzuia damu isipite bila mtu kujua kinachomliza. Kwa sababu hiyohiyo glovu za matundu mimi sifumi, hata nikilipwa.

Jana mama mmoja wa Soni kanipigia. Soni iko nusu ya mlima, kati ya joto la Mombo na baridi ya huku, na ubatizo ni Oktoba. Dabo niti itamzidi mtoto mchana, namba 1 itampiga baridi asubuhi. Uzi unaofaa ni namba 2, ulio katikati, na sijaupata dukani mwaka huu mzima. Nimeanza kipande cha majaribio kwa namba 1 na singo zilizobana kifuani, matundu yakianzia kiunoni. Nimeshamwambia bibi wa mtoto amtafutie fulana ya mikono mirefu.